Panga Uwanja wa Nyumba Yako Kabla ya Masika

Mkulima, kabla hujasoma zaidi, toka nje utazame miguu ya ghala lako la mahindi na pembe za nyumba yako. Kama msingi umeanza kuonekana mahali ambapo siku ya kujenga ulifunikwa na udongo, au kama mizizi ya mti ulio karibu na mlango imebaki juu kama mishipa ya mkono wa mzee, basi habari hii ni yako. Udongo ule haukuliwa na mchwa. Umechukuliwa na maji ya mvua na ufagio, kidogo kidogo, kila mwaka, wala hakuna mtu aliyeuona ukienda.

Mara nyingi twazungumza juu ya mahindi, viazi na maziwa. Leo twataka kuzungumza juu ya kile kipande ambacho mkulima hakihesabu kuwa shamba, yaani ile robo eka penye nyumba, jiko, choo, zizi na kuku. Kipande hicho waweza kukipanga kwa mikono yako mwenyewe, kwa jembe, beleshi na vijiti vitatu, hata maji yanayobomoa boma lako mwezi wa Aprili yawe ndiyo maji yanayokuza sukuma wiki yako mwezi wa Januari.

Yafaa kukumbuka jinsi mambo yalivyoanza. Mpango mkubwa wa kuwapa Waafrika mashamba yaliyokuwa ya walowezi ulianza mwaka 1962, na katika miaka iliyofuata familia zipatazo 35,000 zilipewa makao katika eneo la zaidi ya eka milioni moja. Aliyepewa shamba alikuwa na kazi moja ya haraka, kuingiza mbegu ardhini kabla mvua haijapita, na mkopo wa kulipa. Nyumba ilisimamishwa mahali palipokuwa karibu na njia au juu ya kimwinuko penye upepo mzuri. Maji ya uani yataelekea wapi, hilo liliachwa mpaka baadaye. Siku hizi mashamba mengi yamegawanywa kwa wana na wajukuu, na mahali palipokuwa na boma moja sasa pana maboma manne au matano, kila moja na paa lake na uwanja wake mgumu. Maji ni mengi kuliko zamani, na nafasi ya kuyapeleka ni ndogo kuliko zamani.

NENDA UKATAZAME MILIMANI

Ukifika mjini Nakuru kwa shughuli zako, na gari la kurudi bado halijajaa, panda kidogo upande wa juu kuelekea Menengai mpaka Milimani. Watu wengi wakipita huko hutazama maua, mijakaranda na nyasi zilizokatwa vizuri, wakasema hizi ni bustani za wenye pesa. Sisi twakuomba utazame chini ya maua. Milimani imekaa juu ya mteremko, na kilima cha Menengai chenyewe kimefika mita 2,278 kutoka usawa wa bahari. Mvua ikinyesha huko juu hushuka kwa nguvu kuelekea mjini na mwishowe ziwani. Mwenye nyumba wa mahali kama hapo akitaka bustani, hana budi kuuvunja mteremko kwanza.

Kwa hiyo katika viwanja vya zamani vilivyobaki, utaona mahali pengine ukuta mfupi wa mawe, kisha sehemu iliyo sawa, kisha ukuta mwingine, kama ngazi. Utaona njia ya miguu ambayo haishuki moja kwa moja bali inakwenda upande. Utaona ua mnene wa miti hai upande wa chini, ambao pamoja na kuzuia wezi huzuia udongo. Mambo hayo matatu hayahitaji mshahara wa mtunza bustani. Mawe umeyarundika mwenyewe kwenye mpaka wa shamba lako, na miche ya ua waweza kuiotesha kwa mbegu.

UDONGO WETU UNA TABIA YAKE

Sehemu nyingi za Nakuru, Bahati, Solai na Njoro udongo wake ulitokana na jivu la volkeno. Ni udongo mwepesi, rahisi kulima, na mazao hustawi humo. Lakini una tabia mbili ambazo mkulima lazima azijue. Kwanza, ukiwa umelimwa hunywa maji upesi na kukauka upesi. Pili, ukikanyagwa na kufagiwa kila siku, uso wake hugeuka mgumu kama sakafu, na maji hayaingii tena. Hukimbia. Yakipata njia moja nyembamba, basi hiyo ndiyo itakuwa korongo baada ya misimu michache.

Kuna jambo la tatu linalohitaji uangalifu. Katika Bonde la Ufa mna nyufa za zamani sana chini ya ardhi, zilizojazwa na jivu hilo hilo. Maji mengi yakizama mahali pamoja yaweza kulichukua jivu kwa chini, na ardhi ya juu ikatumbukia. Wakaao Nakuru wamepata kuona mashimo yakifunguka baada ya mvua kubwa. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua, mpasuko mkubwa ulifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na wataalamu wengi wa miamba walieleza kwamba maji yalikuwa yameondoa jivu lililoziba ufa wa zamani. Tunalisema hili kwa sababu mtu akisikia habari za kuhifadhi maji, jambo la kwanza afanyalo ni kuchimba shimo refu nyuma ya nyumba na kuelekeza maji yote humo. Usifanye hivyo. Maji yazame mbali na msingi, hatua 20 au zaidi, nayo yazame yakiwa yametawanywa katika mtaro mrefu usio na kina kikubwa. Kama umeona ufa wowote katika uwanja wako, usiuzibe kwa takataka na kunyamaza. Ita afisa wa kilimo wa wadi, na chifu apate habari.

HESABU YA MAJI

Wengi hawaamini maji ya uani ni mengi mpaka wayahesabu. Hesabu ni rahisi. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita 1. Tuchukue nyumba ya mabati ya mita 9 kwa mita 6, yaani karibu futi 30 kwa 20. Paa hilo ni mita za mraba 54. Mvua moja nzuri ya alasiri, ya milimita 25, itamwaga juu yake lita 1,350. Ukiondoa kinachorushwa na upepo na kinachopotea kwenye gata, utapata kama lita 1,100, ambazo ni madebe 55. Bibi yako angetembea mara ngapi mtoni kuyaleta madebe 55?

Sasa tazama uwanja wenyewe. Uwanja wa mita 20 kwa 15 hupokea lita 7,500 katika mvua hiyo hiyo moja. Kama uso wake ni mgumu, na nusu tu ya maji hayo ikikimbia, ni lita 3,750 zinazoteremka kwa pamoja kupitia mlango wa zizi, zikichukua samadi na udongo mzuri, kwenda kwa jirani. Hii ndiyo mali inayopotea. Mkulima hununua mbolea dukani kwa bei kubwa, huku samadi yake mwenyewe inaondoka kila Aprili bila kupigiwa kelele.

VIJITI VITATU NA JIWE

Mtaro wa kuzuia maji usiopimwa ni mbaya kuliko kukosa mtaro, kwa maana hukusanya maji yote na kuyamwaga mahali pamoja. Macho hudanganya kwenye mteremko. Lakini huhitaji kununua chombo cha kupimia. Tengeneza hiki.

Tafuta vijiti viwili vilivyonyoka, kila kimoja kama futi 7, na kimoja kifupi cha futi 4. Funga au pigilia misumari vile virefu kwa juu, uvipanue chini mpaka nafasi kati ya miguu iwe mita 2. Kijiti kifupi kifunge katikati kuvuka, ili umbo zima liwe kama herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe, nao uzi upite mbele ya kile kijiti cha katikati na kushuka chini yake kidogo. Chombo kimekwisha, isipokuwa hakijui bado usawa uko wapi.

Kukifundisha, simamisha miguu yake juu ya mambo mbili ulizozipigilia ardhini. Jiwe likitulia, tia alama ya kalamu mahali uzi unapogusa kijiti cha katikati. Kisha kigeuze, mguu wa kulia ukae palipokuwa na wa kushoto, utie alama ya pili. Usawa wenyewe uko katikati ya alama hizo mbili. Hapo kata kwa kisu, alama isifutike. Tangu sasa, kila uzi ukisimama juu ya mkato huo, miguu miwili iko sawasawa. Siku ya upepo usipime, kwa sababu uzi hautatulia, na utakasirika bure.

Anzia upande wa juu wa nyumba, hatua 10 au 15 kutoka ukutani. Piga mambo penye mguu wa nyuma, sogeza mguu wa mbele mpaka uzi ufike kwenye mkato, piga mambo nyingine, endelea hivyo hivyo kuvuka mteremko. Mtaro wa juu ya nyumba hauna budi kuteremka kidogo ili maji yasisimame. Kwa hiyo funga kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 1 chini ya mguu wa mbele, upande ule unaotaka maji yaende. Mtaro utashuka sentimita 1 kwa kila mita 2, na maji yatatembea bila kukimbia.

Chimba mtaro wa upana wa futi 2 na kina cha futi 1, udongo uutupe upande wa chini uwe tuta. Panda nyasi juu ya tuta siku hiyo hiyo kama mvua imeanza. Na mwisho wa mtaro uwe wapi? Hili ndilo swali kubwa. Usiufungue barabarani wala mpakani mwa jirani. Kesi za maji ya mtaro zimewafikisha watu wengi kwa chifu, na mara nyingi mwenye mtaro hushindwa. Ufungue kwenye kipande kipana cha nyasi, au katika mashimo ya ndizi yaliyo upande wa chini wa boma. Shimo la migomba la upana wa futi 3, lililojazwa samadi na majani makavu, hunywa maji mengi kuliko unavyofikiri. Kule Molo na Mau Narok ambako baridi huchoma migomba, panda miplamu na mipea.

Kwenye shamba lenyewe, chini ya uwanja, mwenye mteremko mkali atumie fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, na baada ya miaka kadhaa sehemu iliyo kati ya mitaro hujisawazisha yenyewe. Kazi hii ilifahamika sana kutoka Machakos, na jina lake la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya Wazungu bila kutafsiriwa. Si maneno mengi yetu yaliyopata heshima hiyo. Lakini katika uwanja wa nyumba usitumie fanya juu. Mtoto atatumbukia.

UKUTA WA MAWE

Kama sehemu ya bustani yako imeinama hata debe la maji haliwezi kusimama, ivunje kwa ngazi moja au mbili. Kosa linalofanywa na wengi ni kuchimba upande wa juu na kusukuma udongo upande wa chini mpaka pawe sawa, kisha kupanda. Mboga haziotesheki, wakasema mbegu zilikuwa mbovu. Sababu ni kwamba udongo mzuri mweusi wa juu umefukiwa chini, na kilichobaki juu ni udongo mtupu usiokuwa na chakula. Kwanza kabisa, toa ule udongo mweusi wote kwa kina cha futi moja hivi, uuweke kando kama akiba. Ndipo uchimbe na kusawazisha. Mwisho uurudishe juu.

Ukuta wa mawe makavu, bila saruji, usizidi futi 2 na nusu kwenda juu. Ukitaka zaidi ya hapo mwite fundi. Chimba msingi wa nusu futi, na mawe makubwa kuliko yote yakae humo. Kila jiwe likalie mawili, kama fundi anavyopanga matofali. Uso wa ukuta uegemee ndani, mlimani, kiasi cha inchi 2 kwa kila futi ya kwenda juu. Nyuma yake jaza kokoto na mawe madogo kwanza, ndipo udongo, ili maji yapite kati ya mawe bila kuusukuma ukuta. Ukuta uliosimama wima umependeza macho, lakini mvua ya kwanza ya masika utaulaza.

UFAGIO NA NYASI

Hapa twajua tutapingwa na akina mama. Uwanja uliofagiwa ukawa mweupe ni heshima ya boma, na mgeni akiingia huona alama za ufagio na kujua hapa pana watu wanaojiheshimu. Tena nyoka huonekana mapema. Sababu zote mbili ni za kweli. Hatusemi uwanja wote uwe nyasi. Acha mahali pa kufagia mbele ya mlango na njia ya kwenda jikoni, na kama una mawe bapa au changarawe, zitandaze hapo hapo. Sehemu iliyobaki, panda nyasi na uzikate ziwe fupi. Nyoka hapendi nyasi fupi zaidi ya anavyopenda rundo la kuni na mabati ya zamani nyuma ya jiko, ambayo maboma mengi yanayo wala hakuna anayeyagusa.

Nyasi bora kwa nchi ya juu ni zile za kikuyu, ambazo kwao ni hapa hapa kwenye milima ya Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilichukuliwa zikapelekwa Afrika Kusini, Australia na Marekani, na leo watu wa huko huzipanda mbele ya nyumba zao na kwenye viwanja vya michezo. Wewe unazo kando ya njia bure. Chimbua nyasi hizo mvua ikianza, kata vipande vyenye vifundo 3 au 4, uvipande katika mistari iliyopishana futi moja, kuvuka mteremko, huku ncha ikibaki nje. Usiruhusu ndama kukanyaga kwa miezi miwili. Kwenye sehemu za chini zilizo kavu, nyasi za kikuyu hudhoofika, basi tumia zile ulizoona zimeota zenyewe kando ya nyumba wakati wa kiangazi.

Zina ubaya mmoja. Hutambaa, na zikiingia kwenye kitanda cha mboga kuzitoa ni kazi ya machozi. Kati ya nyasi na mboga chimba kijitaro cha upana wa beleshi, au panga mawe yaliyozikwa nusu, na kila mwezi pitisha panga ukingoni.

UA NA MITI

Ua wa kayaba ni wa kudumu, miiba yake haipenyeki, na ukikatwa kila mara hukaa mnene. Huchelewa, miaka 3 au 4 kabla ya kuzuia ng'ombe, kwa hiyo usitoe seng'enge yako mapema. Panda miche kwa kupishana futi moja. Miti mirefu kama mikaratusi iwekwe mbali na nyumba, mbali na bustani, na mbali na kisima, kwa sababu ni mlevi wa maji. Kwa kivuli na kuni, mgrivelia hukaa vizuri na mazao.

Mkulima wa ng'ombe wa maziwa awe mwangalifu na mapambo. Lantana, pamoja na maua yake ya rangi nyingi, humdhuru ng'ombe akiila, nayo husambaa malishoni kwa mbegu zinazobebwa na ndege. Ule mti wenye maua makubwa meupe yaning'iniayo kama tarumbeta, ambao watu hupanda kuwa ua, una sumu kwa watu na wanyama. Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni huumiza vibaya sana. Mti wa namna hii ukishakuwa uani kwako, waonyeshe watoto na uwaambie ni nini, na unapoukata, majani yake usiyatupe zizini.

TANGI NI LA WATOTO KWANZA

Katika nchi hii ya Nakuru kuna sababu nyingine ya kuthamini maji ya paa. Visima vingi virefu vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita, ambacho Shirika la Afya Duniani limeweka. Maji hayo ndiyo yanayowapa watoto meno ya rangi ya kahawia, na mtu akiyanywa kwa miaka mingi kwa wingi yaweza kuharibu hata mifupa. Kuyachemsha hakusaidii, bali huongeza, kwa sababu maji hupungua na floridi hubaki. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Kwa hiyo ikiwa boma lako hutumia maji ya kisima kama hicho, tangi la maji ya paa liwe la kunywa na kupikia kwanza, hasa kwa watoto walio chini ya miaka 8 ambao meno yao ya ukubwani bado yanaumbika. Bustani itakunywa maji ya kuoshea vyombo na yale ya mtaroni.

Mvua ya kwanza ya msimu, acha maji yake yamwagike nje yaoshe vumbi na mavi ya ndege juu ya bati. Tangi liwe na kifuniko na wavu, mbu wasizae. Tena usichimbe bwawa la wazi karibu na nyumba yenye mtoto mdogo, hata liwe na kina cha futi 2 tu.

Ukiwa na maji ya kutosha kwa watu, fanya hesabu ya kiangazi. Kitanda cha mboga cha mita 1 kwa mita 5 huhitaji kama lita 25 kwa siku ya jua, yaani debe moja na robo. Vitanda vitatu ni lita 75. Kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Februari ni siku 75 hivi, basi ni lita zaidi ya 5,600. Tangi la lita 5,000 halitoshi peke yake, lakini likisaidiwa na maji ya jikoni na majani makavu yaliyotandazwa juu ya udongo, vitanda vitatu vitafika mpaka mvua. Vitanda vitano havitafika. Afadhali vitatu vya kijani kuliko vitano vya njano.

Lima kitanda kwa kina cha futi 2, changanya madebe 4 ya samadi iliyooza, na uso wake uwe chini ya njia kwa inchi 3 au 4, si juu yake. Vitanda vilivyoinuliwa vyafaa mahali penye maji mengi. Katika udongo wetu wa jivu hukauka kabla ya saa sita. Panda sukuma wiki, mnavu, saga na kunde karibu na jiko, ili atakayepika achume bila kutembea, na miche ya pasheni ipande kwenye wavu juu ya ukuta wa mawe. Viazi na karoti fuko huzipenda mno, basi zikae upande ambao mbwa hulala.

Wakati wa kufanya kazi hizi ni Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu na vijana wapo. Mvua kubwa ya kwanza ya Machi ikinyesha, usikae ndani. Vaa gunia kichwani, chukua jembe, uzunguke boma lako maji yakiwa yanatembea. Utaona mahali ambapo tuta ni fupi na mahali ambapo mtaro umeziba, na mambo utakayoyarekebisha katika nusu saa ile hutayaona tena jua likitoka.

Kuku wafungiwe, au bustani izungushiwe wavu wa futi 4. Jogoo mmoja na majike watatu wakipata asubuhi moja kwenye kitanda kipya, utaanza tena na mbegu.